Maji Yaliyomkubali Mama Swaib

Ndugu zangu wa Koboko, na nyinyi wa Arua, Waislamu na Wakristo, hasa nyinyi ambao mama zenu bado wanapumua: nawaandikia haya nikiwa nimechoka, na uchovu wenyewe si wa jembe. Sikukaa kuandika ili nimhukumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya gari siku hiyo, na mkisoma mpaka mwisho mtaona nilifanya nini.

Jirani yangu anaitwa Medina. Sisi tunamwita Mama Swaib, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye ni mjane kama mimi, mume wake alikuwa askari. Kati ya uwanja wake na wangu kuna ua wa matete tu, na mahali pengine matete yenyewe yamelala, kwa hiyo nilikuwa naona kila kitu bila kuchungulia. Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Mama Swaib alikuwa anakaa juu ya mkeka, ananyoosha miguu, na binti yake Sumayah anapiga magoti mbele yake. Anashika mguu mmoja, anaangalia kati ya vidole, anageuza unyayo, anaweka kioo kidogo chini ya kisigino. Halafu mguu wa pili. Kuku wanapita, chai inachemka, mama anaendelea na tasbihi yake. Ilikuwa ni kitu kizuri kukiangalia.

Watu walikuwa wanamcheka. "Sumayah, leo miguu ya mama imeandikwa nini?"

"Imeandikwa mpunguze maneno," anajibu, bila kuinua kichwa.

Sababu ilikuwa ni ugonjwa wa sukari. Mama Swaib alikuwa nao kwa miaka tisa, na ugonjwa ulikuwa umeua hisia kwenye miguu yake. Siku moja alitembea toka sokoni na msumari umepenya ndapili, ile kandambili yake, mpaka kwenye nyama, na hakujua mpaka alipoona damu kwenye mkeka. Sista wa kliniki alimwita Sumayah akamwambia hivi: "Hii miguu haiwezi kukuambia ikiumia. Mtu mwingine lazima aione kwa macho. Na maji ya moto, hapana kabisa. Ya uvuguvugu tu, na wewe upime kwanza kwa kiwiko."

Neno hilo la maji lilikuwa gumu kwetu. Nyinyi mnajua sisi tulivyo. Mwanamke akizaa, tunamkanda kwa maji ya moto siku arobaini, mpaka analia, na tunamwambia alie tu. Mzee akitoka safari, anapewa maji ya moto kabla ya chakula. Binti anayempa mama yake maji ya uvuguvugu, tunasema ni mvivu wa kuni. Sumayah alisemwa hivyo mpaka kwenye matanga ya watu. Yeye akaendelea kupima kwa kiwiko.

Basi, baada ya Idi, Swaib akaja kutoka Juba.

Swaib si mtu mbaya. Nataka hilo likae wazi. Anafanya biashara ya kupeleka vyakula Juba na mbele ya Juba, na kila mwaka anakuja mara moja, na akija anakuja kwelikweli. Alileta kitenge, alileta unga, alileta gari la Noah jeupe lililooshwa mpaka linaumiza macho. Rafiki yake Tahiru alikuja naye. Jioni ile ile Swaib akakaa karibu na mama yake akasema:

"Mama, kesho vaa vizuri. Nataka kukupeleka Panyimur, kuona maji ya moto yanatoka chini ya ardhi yenyewe. Watu wanatoka mpaka Kampala kuyaona, na wewe iko hapa tu hujayaona."

Sumayah alikuwa anapakua. Akasema, "Kaka, kesho ni siku ya kliniki."

"Kliniki iko kila wiki. Mimi iko mara moja kwa mwaka."

"Na miguu ya mama haisikii moto."

"Basi ndiyo tunaipeleka ikasikie," Swaib akasema, na Tahiru akacheka mpaka akaweka sahani chini. Mama Swaib naye akacheka. Mama akicheka na mtoto wake aliyetoka mbali, nani atasimama kati yao?

Asubuhi Sumayah alikuwa ameshavaa, mfuko wa dawa mkononi. Lakini gari lilikuwa limejaa. Tahiru alikuwa na mke wake, marafiki wengine wawili na wake zao, na nyuma kulikuwa na kreti za soda na jiko la mkaa. Ilibaki nafasi ya mama na ya mtu mmoja wa kukaa naye.

"Mama Hakimu atakwenda," Swaib akasema, akimaanisha mimi. "Ni mtu mzima, atakaa na mwenzake vizuri. Wewe, dada, unakaa na mama mwaka mzima. Leo niachie kidogo. Na ukija utatuharibia safari kwa maneno ya sukari."

Sumayah hakubishana. Alikuja upande wangu wa dirisha, akanipa ule mfuko. "Mama Hakimu, asiingize miguu. Akae tu aone kwa macho."

Nikamwambia, "Nimesikia, mwanangu."

Msomaji, weka neno hilo kichwani. Nilisema nimesikia.

Safari ilikuwa nzuri. Tulishuka Arua wakaweka mafuta na wakapiga picha, tukapita Nebbi, tukateremka upande wa joto ambako upepo unaingia dirishani kama umetoka jikoni. Mama Swaib alikuwa na furaha kama bibi harusi. Alikunywa soda moja, halafu ya pili. Nikamgusa goti. "Mama Swaib, sukari."

"Leo ni siku ya mwanangu," akasema. "Sukari itaningoja nyumbani."

Sitasema uongo, mahali penyewe ni pazuri. Vilima viko nyuma, ziwa liko mbele limelala kama shuka lililopigwa pasi, na katikati mvuke mweupe unatoka kwenye mawe, na maji yanachemka yenyewe bila kuni. Kuna harufu kama ya yai lililooza, lakini unaizoea. Nilisimama nikamsifu Mungu aliyeweka moto chini ya maji. Mpaka leo simlaumu Mungu wala yale maji. Maji yalikuwa yanafanya kazi yao.

Wanawake walikuwa wamekaa upande wa chini, pale maji ya moto yanapochanganyika na mfereji wa baridi. Walikuwa wanatia miguu na kuitoa, wanacheka. Mmoja, Concy, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alisema anakuja kila mwezi kwa sababu ya mgongo. Alitusogezea jiwe. "Njooni hapa, wamama. Hapa ni pazuri kwa wazee."

Lakini Swaib alikuwa ameshashika simu yake, anarudi nyuma, anasogea mbele. "Hapa hapana moshi," akasema. "Mama, njoo huku juu. Huku moshi unatoka vizuri kwenye picha."

Juu ndiko maji yanakotoka. Mke wa Tahiru alitia kidole kimoja cha mguu akaruka, akakipuliza kama mtoto. "Mimi sitaki, hii inapika mtu."

"Wewe ni mtoto wa mjini," Tahiru akamwambia. "Angalia wazee wanavyofanya."

Mama Swaib akainua kitenge kidogo, akaketi juu ya jiwe, akaingiza miguu yote miwili mpaka juu ya vifundo. Hakushtuka. Hakukunja hata uso. Alikaa tu anatabasamu, mvuke umemzunguka, na Swaib anamrekodi.

"Mama, unasikiaje?"

"Nasikia vizuri tu."

Wale wanawake wa chini wakageuka kuangalia. Concy akapanda kuja kuona, akatia mkono majini akautoa haraka. Akamwangalia Mama Swaib usoni, halafu akapiga kigelegele. "Huyu maji yamemkubali. Nimekuja hapa miaka mingi, sijaona mutu anavumilia hivi. Mwingine yanamfukuza. Huyu yamemkubali."

Basi watu wakaja. Walikuja kumgusa bega. Msichana mmoja aliyeolewa na hana mtoto alipiga magoti akaomba aombewe dua, na Mama Swaib akaweka mkono juu ya kichwa chake akamwombea, miguu ikiwa bado mle ndani. Swaib alikuwa anazunguka na simu, anasema, "Huyu ni mama yangu. Oneni mama yangu."

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, mfuko wa Sumayah kwenye mapaja yangu. Neno lilikuwa limefika ulimini. Niliona haya kulisema. Nilifikiri, hawa watu wote wanaona neema, mimi nitakuwa nani wa kuona ugonjwa? Mimi niliyeishia darasa la saba. Nikafikiri pengine Mungu ameamua leo. Concy akanigeukia akasema, "Mama, rafiki yako ana baraka." Nikajibu, "Mashallah."

Hiyo ndiyo kazi niliyofanya siku hiyo. Niliambiwa niseme neno moja, nikasema lingine.

Wanaume walikwenda kula samaki. "Mwacheni mama akae," Swaib akasema, "apone vizuri." Sijui zilipita dakika ngapi. Macho yangu yalikuwa kwenye maji, nikaona ngozi ya mguu wake inabadilika. Ndipo nikasimama nikamshika kwapani, nikamtoa. Miguu ilikuwa myekundu mpaka juu ya vifundo, imekatika mstari sawasawa, kama mtu aliyevaa soksi.

"Damu imerudi," Concy akasema kwa furaha, na wote wakakubali. Mama Swaib mwenyewe alikubali. Nikaivika ndapili ile miguu kwa mikono yangu.

Tulifika Koboko adhana ya magharibi inaadhiniwa. Sumayah alikuwa anangoja na birika la udhu. Mama yake aliketi kwenye kigoda, Sumayah akamwagia maji mikono, uso, akafika kwenye miguu. Alipopitisha kiganja tu, ngozi ilitoka. Ilitoka kama ganda la nyanya iliyochovywa kwenye maji yanayochemka.

Hakulia. Aliweka birika chini, akaniangalia mimi. Aliniangalia kidogo tu, halafu akaingia ndani kuleta kitambaa safi.

"Kaka, washa gari. Tunakwenda hospitali sasa."

Swaib alikuja akaona, na niliona hofu ikipita usoni mwake. Lakini mtu aliyesifiwa mchana kutwa ni vigumu kukubali jioni kwamba amekosa. "Huo ni ugonjwa unatoka," akasema. "Ngozi ya zamani inatoka, mpya inakuja. Mama, unasikia maumivu?"

"Sisikii kitu," mama akasema.

"Si unaona?"

"Kaka, hasikii kwa sababu miguu haisikii. Haikuanza leo."

"Sumayah," mama akasema, "mwanangu anasafiri kesho. Usimharibie njia yake."

Asubuhi Swaib akaondoka. Video ilikuwa imetangulia kwenye simu za watu kabla yeye hajavuka mpaka.

Mama Swaib alikataa hospitali siku nne. Alisema tuyape maji nafasi yamalize kazi. Alifunika miguu kwa kitenge, akachoma ubani ili tusisikie harufu, na majirani waliokuja kumpongeza walisifu ubani. Siku ya tano homa ikamshika, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Sumayah akakodi gari akampeleka Arua, na mimi nikaenda nao. Sikungoja kuambiwa.

Daktari alifunua mguu wa kulia, akafunika tena. Wa kushoto, akasema, unaweza kupona polepole. Wa kulia vidole vimekufa, na nyama ya mbele inakwenda. "Tukikata leo, tunakata mbele tu, kisigino kinabaki, atatembea na fimbo. Nani anaweka sahihi?"

Baba mdogo wa watoto, mzee Abiriga, ndugu wa marehemu, alikuwa amefika kutoka Ayivu kwa baiskeli. Alisema kwa upole, maana si mtu wa ukali. "Huyu mama ana mtoto mwanaume. Kwetu mguu wa mama haukatwi bila mtoto mwanaume kujua. Tumpigie Swaib."

Tukampigia Swaib. Simu ilikuwa imezimwa. Alikuwa amepita Juba na mzigo, huko mbele ambako mtandao ni wa bahati. Tulipiga siku hiyo, tulipiga siku ya pili. Daktari alikuja na karatasi, akarudi nayo. Siku ya pili jioni Swaib akapatikana, sauti inakatika. "Ngojeni. Msimguse mama. Mimi iko njiani."

Siku ya tatu asubuhi weusi ulikuwa umepanda juu ya kifundo. Daktari hakukasirika, alikuwa amechoka kama sisi. "Sasa ni chini ya goti. Mkingoja mpaka kesho hamtahitaji karatasi yangu."

Sumayah akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

"Mwanangu," mzee Abiriga akasema, "kaka yako akija utamjibu nini?"

"Nitamjibu mama akiwa hai."

Akaweka sahihi. Walitaka na shahidi, nikaandika jina langu chini yake. Herufi zangu ni za darasa la saba, lakini zinasomeka.

Mama Swaib alitoka salama kwa rehema za Mungu, mguu mmoja ukiwa umeishia chini ya goti. Siku tatu baadaye Swaib akaingia wodini, vumbi la njia bado kwenye nyusi, anasukuma kiti cha magurudumu kipya, plastiki bado haijatolewa. Alipoona shuka lilivyolala bapa upande mmoja alisimama. Halafu akamgeukia dada yake.

"Nilisema mningoje. Wewe ni nani wa kumkata mama yangu?"

Sumayah alikuwa anamlisha mama uji. Hakuacha. Mama yake ndiye aliyesukuma kijiko pembeni.

"Swaib. Ninakunywa dawa gani?"

"Mama?"

"Dawa ya sukari. Ninakunywa gani asubuhi, na gani jioni?"

Swaib akaangalia mfuko, akaangalia ukuta.

"Kule kwenye maji," mama akasema, "ulikuwa unaniangalia ndani ya simu. Ungeshusha simu kidogo ungeiona miguu. Mimi sikukasirika, mwanangu. Mimi pia nilipenda kuangaliwa. Lakini usimuulize huyu yeye ni nani."

Wakati huo huo simu ya Swaib ikalia. Alitaka kuizima, akabonyeza pasipo, ikafunguka kwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mwanaume, mchangamfu. "Swaib, salamu alekum. Huyu ni Swadiki wa Konyokonyo, hapa Juba. Nimeona video ya mama. Mashallah. Mama yangu pia ana sukari, miguu imekufa ganzi. Nataka nimpeleke Ijumaa. Hayo maji yaliyomponya mama yako, njia yake ni ipi?"

Swaib akamtazama mama yake. Mama yake akamwambia polepole, "Mjibu mwenzako."

"Swadiki," akasema. "Usimpeleke. Mama yangu hakupona. Mama yangu amekatwa mguu. Mimi ndiye nilimwingiza."

Halafu yule mtu akauliza, "Sasa mimi nifanye nini na mama?"

Swaib akampa Sumayah simu. Sumayah akakaa pembeni ya kitanda, akaanza kumweleza mtu asiyemjua, tangu mwanzo, neno kwa neno, jinsi ya kuangalia mguu.

Mafunzo ya hadithi hii

Ndugu zangu, kwenda kutazama kazi za Mungu si kosa, na kumfurahisha mama si kosa. Nendeni mkaone vilima na maji. Lakini anayemtunza mgonjwa kila siku ndiye wa kwanza kupewa kiti ndani ya gari, hata kama kreti ya soda itabaki.

Mwenye ugonjwa wa sukari asitie miguu kwenye maji ya moto, ya jikoni wala ya chemchemi. Miguu ikifa ganzi, kutosikia moto si imani wala si baraka. Ni ugonjwa wenyewe. Sisi tulimsifu mtu kwa sababu alikuwa anaungua bila kujua. Na akiungua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema hasikii maumivu. Hasa akisema hasikii maumivu.

Wanaume mlio mbali, tumeni ruhusa yenu kabla haijahitajika. Mwambieni dada yenu leo: ukiitwa kuweka sahihi, weka. Siku tatu za kukungoja wewe zilikula kisigino, kifundo na nusu ya mguu.

Na wewe uliyeambiwa neno la kusema, ukaona haya mbele ya watu wanaoshangilia, kosa lako nalijua vizuri kuliko yote. Neno hilo liseme. Watakucheka mpaka jioni, basi. Mimi hakuna aliyenicheka. Mpaka leo Sumayah ananisalimia kwa heshima juu ya ule ua, anauliza nimeamkaje, na kila asubuhi namwona anapiga magoti kwenye mkeka mbele ya mguu mmoja.